Aliyelambwa na Mbuzimawe

Maiti ya Mwanakheri waliiosha wawili, kama desturi ya mlima wa Ikuvu inavyotaka: mwosha maiti, na mwanamke aliye karibu kuliko wote katika nyumba ya marehemu. Mwosha maiti alikuwa Bi Namvua, mjane, ambaye kazi hiyo aliishika kwa ajili ya Mungu tangu mumewe alipozikwa. Mwanamke wa karibu alikuwa Kuruthumu, mke mwenza wa marehemu. Aliyelala ubaoni na aliyeshika bakuli, wote walikuwa wake wa Mbaraka, mwana wa pekee wa Bi Namvua. Basi siku ile mama alikuwa na mkwe huku na mkwe huku, mmoja wa kumfariji na mmoja wa kumfunga kidevu, na hakujua alilie upande gani.

Maji yalikuwa ya kipimo. Ikuvu hakuna mto wala kisima. Maji yote huvunwa hewani, kwa nyavu za ukungu zilizotandazwa ukingoni mwa mlima, yakachuruzika tone kwa tone hadi kwenye tangi kubwa la kijiji. Aliye hai ana kipimo chake, na maiti naye ana chake. Bi Namvua alikuwa hodari wa kuyatosheleza. Aliosha kichwa kwanza, palipovunjika, akapita polepole mahali pale kana kwamba pangeuma. Akashuka mabegani, akafika tumboni. Mimba ilikuwa imeshaanza kuonekana. Hapo Kuruthumu akageuza uso ukutani.

"Mimina, mwanangu," Bi Namvua akamwambia. "Ukigeuka maji yanamwagika."

Josho la mwisho lilikuwa la kafuri, ile ambayo wazee huiita karafuu maiti. Zamani ilitoka kwenye mti. Siku hizi miti hiyo haipo tena duniani, kafuri hupikwa na mitambo na ni kali mno. Punje moja ukiiponda ndani ya maji, harufu inakaa mikononi wiki nzima, chini ya kucha na kwenye mistari ya viganja, uoshe usioshe. Wakampaka marehemu kwenye paji la uso, viganja, magoti na nyayo, zile sehemu alizosujudia alipokuwa hai. Wakamvika sanda.

Walipokuwa wakifunga vifundo Kuruthumu akauliza, sauti haitoki vizuri, kama Shahidi ataletwa.

Bi Namvua akamwambia ataletwa, hakuna namna. Mwanakheri alikutwa asubuhi chini ya ngazi ya tangi, kichwa juu ya jiwe, na hapana aliyeona. Kifo kama hicho Ikuvu hukiita kifo kisicho na mwenyewe, na kifo kisicho na mwenyewe ni kazi ya Shahidi.

*

Shahidi alikuwa mbuzimawe.

Tangu zamani za mababu, ukoo wa juu na ukoo wa bondeni walikuwa na pembe moja ya mbuzimawe, nyembamba kama kidole cha mtoto, na juu ya pembe hiyo watu waliapa. Walisema mnyama yule husimama kwenye ncha ya jabali, kwato zake nne zikienea mahali pa kuweka kikombe, kwa sababu anatazama nani anasema kweli na nani anasema uongo huko chini. Hakuwindwa. Aliyekuta mzoga wake aliuzika. Halafu joto likaja, majani ya mwambani yakaungua, mbuzimawe wakaisha, ikabaki pembe.

Pembe hiyo ndiyo aliyoitoboa Dokta Ndekirwa. Alipanda mlimani kutoka kwenye miji ya nyikani iliyofunikwa, amevaa joho la baridi, lile linaloupoza mwili, ambalo bila hilo joto la huko chini halimwachi mtu amalize asubuhi, akaomba unga kidogo wa ndani ya pembe. Akauotesha kwenye vyupa vyake, akaupandikiza katika tumbo la mbuzi wa nyumbani, na yule mbuzi akazaa mtoto asiyefanana naye hata kidogo. Wazee walibishana muda mrefu kama mnyama huyu anafaa kuchinjwa Idi ama la. Dokta akawaambia si mbuzi hasa, ni ndugu yake paa. Mzee mmoja akamjibu kwamba jina alilolitumia babu yake halifutwi na mtu aliyekuja juzi na begi.

Lakini Dokta hakumrudisha mnyama kama alivyokuwa. Alimwongezea pua. Aliwaeleza barazani kwamba mtu mwenye hatia akiapa, ngozi yake hutoa jasho jembamba lisiloonekana, lenye harufu yake peke yake, na pua hii italinusa hata mtu akijipaka asali. Ukiweka chumvi ya mawe kiganjani, ukapiga magoti na kuapa, Shahidi atailamba ikiwa u msafi. Ikiwa si msafi ataikataa chumvi, ingawa kwa chumvi mnyama huyu yuko tayari kuvunjika shingo. Waliolambwa hurudi nyumbani na heshima yao, na neno lao halipingwi tena katika jambo lile. Aliyekataliwa huteremshwa: anapewa kibuyu cha maji, anatolewa nje ya geti la chini kwenda nyikani bila joho la baridi. Hakuna aliyewahi kurudi kusimulia.

Na mambo yakatulia. Hilo lazima lisemwe. Kabla ya Shahidi, kila kifo cha kutatanisha kilikuwa vita ya koo mbili pale nyavuni. Mume wa Bi Namvua alikufa katika vita hiyo, kwa panga, akiokoa wavu usichomwe.

Baada ya maziko ya Mwanakheri, mchungaji alimpitisha Shahidi kijijini ale majani, kama kawaida yake, na mnyama akafika ukutani kwa Bi Namvua kulamba mawe. Bi Namvua alimpenda. Siku zote alikuwa akimnyoshea mkono, mnyama akamlamba kwa ule ulimi mkavu, mtu akacheka bila kutaka. Leo alimnyoshea mkono, mnyama akapiga chafya, akakunja mdomo, akarudi nyuma.

Bi Namvua aliingia ndani, akakaa kitandani, akajihoji. Amesema uongo gani? Hakuukuta. Ndipo akakumbuka kwamba si mara ya kwanza. Alimkwepa hivi hivi baada ya kitoto kimoja kukutwa kimekufa kitandani. Alimkwepa baada ya dada wa Bi Mgeni kuanguka korongoni. Akatoka na kitambaa chake cha kuoshea, chenye kafuri, akakitupa ukutani. Mbuzimawe akaruka juu ya mwamba kama aliyechomwa na kaa.

Bi Namvua akashika ukuta.

Kile kitoto alikiosha pamoja na mama yake. Mama akakataliwa, akateremshwa, maziwa yanamtoka kifuani. Yule wa korongoni alimwosha pamoja na Bi Mgeni mwenyewe. Bi Mgeni naye aliteremshwa. Kila kifo kisicho na mwenyewe kilikuwa na mwosha wake wa karibu, na kila mwosha wa karibu alipiga magoti mbele ya Shahidi akiwa na kafuri mikononi. Mwosha maiti mwenyewe hakuwahi kuitwa mstarini, kwani nani anamshuku mwosha maiti? Alikuwa amewapeleka wote nyikani, mmoja mmoja, kwa mikono safi na kwa nia ya ibada.

*

Alimkuta Dokta Ndekirwa kwenye nyumba yake ya bati, anapima mate ya Shahidi. Alimwamkia, akaulizwa hali ya msiba, akajibu. Halafu akamweleza alichokiona, kwa mpango, bila kupandisha sauti. Alidhani mwenzake atashtuka. Labda atakataa, na yeye alikuwa amejiandaa kwa kukataliwa.

Dokta akafunika chupa yake.

"Najua, bibi," akasema. "Nilijua tangu mwaka wa pili."

Akavuta kigoda akampa. Akamwambia kwamba kwao nyikani maiti hazioshwi na jamaa, hukabidhiwa mashine, kwa hiyo alipomfundisha mnyama alimnusisha jasho, damu, maziwa, tumbaku, pombe, kila kitu alichokiwaza, na kafuri hakuiwaza. Na alipogundua alitaka kuivunja kazi yote. Kisha akangoja. Akaona jambo.

Akaeleza taratibu, anavyoelezwa mtoto. Mkono wenye kafuri ni mkono wa nyumba ya marehemu. Basi hukumu haivuki ukuta wa nyumba hiyo. Ukoo wa juu haumshiki mtu wa bondeni, wa bondeni hawamshiki mtu wa juu. Nani atachukua panga amlipizie dada yake kwa dada yake mwingine? Watu wanalia, wanafunga mlango, yanakwisha. Nyavu hazichomwi.

"Unataka niwaambie leo kwamba Shahidi hajui kitu?" akauliza. "Kesho yake wataanza kuulizana nani basi aliua. Wewe unakumbuka walivyokuwa wakiulizana. Tazama makaburi ya wakati ule, utazame na ya sasa."

"Walioteremshwa hawana makaburi," Bi Namvua akasema.

Dokta aliweka chupa yake kando. Akainuka, akatoa rafuni kichupa kisichozidi kidole gumba. Ni dawa ya kusafishia vyombo vya maabara, akasema, inaua kila harufu, hata kafuri. Humo imo ya kutosha mikono ya mtu mmoja tu. Kesho Shahidi atawapitia watu wa nyumba ya Mbaraka, na Kuruthumu ni kijana bado. Yeye Dokta hatatazama.

Bi Namvua alikiacha kile kichupa mezani muda mrefu. Alikuwa na mlango mmoja wa kusema kweli mbele ya baraza zima, na nyuma ya mlango huo aliona mapanga, na mwanawe Mbaraka kati ya mapanga. Alikuwa na mlango wa kunyamaza, na nyuma yake Kuruthumu anatembea mchangani mpaka anapoanguka. Kichupa kilikuwa mlango wa tatu, mdogo, wa wizi. Angemtoa mmoja na kumwachia Shahidi wote watakaofuata.

Alikichukua. Njiani alimwomba Mungu msamaha kabla ya kosa, jambo ambalo alijua si halali.

*

Baada ya sala ya alfajiri alimwita Kuruthumu jikoni, akamkalisha kwenye kibao, akamshika mkono wa kulia kwenye kifundo. Alifanya kama anavyofanya kazi yake: kidole kwanza, kucha, kati ya kidole na kidole, kiganja kwa mistari yake. Dawa ilikuwa baridi na haikunukia chochote. Alikuwa akimsomea dua kwa sauti ya chini.

Kuruthumu aliuvuta mkono kidogo. Akamwambia mama, ngoja, kuna neno. Bi Namvua akamkatiza. Alimwambia asiseme kitu, moyo wa hofu husema mengi yasiyo na maana, afunge kinywa mpaka apige magoti, na pale aape tu kwamba hakumwua mwenzake. Akamweleza habari ya kafuri kwa maneno machache, ili asiogope. Mnyama ni kipofu, mwanangu, hakuna anachokijua juu yako.

Kuruthumu akamtazama kwa macho makubwa. "Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Dawa ikaisha kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Bi Namvua akakitikisa kichupa, akakitupa motoni.

*

Baraza lilikaa uwanjani, koo mbili pande mbili. Mbele ya ukoo wa bondeni aliketi Mzee Sengondo, baba wa Mwanakheri, mtu mrefu aliyekuwa hajalia hadharani na kila mtu aliona kwamba anajizuia. Dokta alisimama na Shahidi, amemshika ukanda wa shingoni.

Mbaraka alipiga magoti wa kwanza. Wanaume hawaoshi mwanamke, isipokuwa mume akitaka, na yeye alishindwa kumtazama mkewe. Mikono yake ilikuwa ya kawaida. Akaapa. Mnyama akalamba mpaka punje ya mwisho, mtu mmoja nyuma akasema afadhali.

Kuruthumu akafuata. Aliapa kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa uwanja. Shahidi alinyosha shingo, akanusa. Ulimi ukatoka. Akalamba, akatafuna, akamsukuma kiganja kwa pua akitaka zaidi.

Hapo ndipo uwanja ulipobadilika. Watu wa ukoo wa juu, kwao Kuruthumu, walivuta pumzi. Watu wa bondeni walinyanyuka. Kwa miaka mingi hukumu ilikuwa imemkuta mtu pale pale nyumbani, mapema, na leo nyumba imepita mstarini wala hapana aliyekataliwa. Mzee Sengondo alisema binti yake hakujirusha kutoka kwenye ngazi na mimba tumboni. Akasema kama hayumo nyumbani, basi yuko upande ule wa uwanja, na akanyosha mkono kuuonyesha ukoo wa juu. Vijana wa bondeni wakaanza kutafuta vishikio vya mapanga bila kushusha macho.

Mzee mmoja wa juu akauliza haraka, ili asikiwe kabla ya jambo lingine, nani tena alikuwa karibu na tangi asubuhi ile.

Mbaraka alikuwa bado amesimama pale mbele. Alikuwa mtu wa kweli. Tangu utotoni hakuwahi kufinywa kwa uongo, na aliyemfundisha ni mama yake. Akasema mama alitoka kuteka maji ya wudhu asubuhi ile.

Hakulisema kwa ubaya. Alipokwisha kulisema akageuka kumtazama, uso wake umepauka, lakini lilikuwa limekwisha kuingia masikioni.

Wakamwita. Bi Namvua alipiga magoti, magoti yakalia. Aliipokea chumvi. Dokta alimleta mnyama polepole, macho yake yakiwa chini kwenye kwato. Shahidi alinusa, akapiga chafya, akavuta ukanda mpaka ukamkaba, akageuka kando.

Sauti iliyotoka uwanjani haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya watu waliotua mzigo. Mapanga yakarudi chini ya mashuka. Mama mkwe na mkwe, wanawake wa nyumba moja, jambo la ndani. Wengine waliokuwa wamekunja ngumi walianza kumwonea huruma.

Bi Namvua hakuinuka. Alisema palepale, akiwa amepiga magoti, kwamba mnyama huyu anakimbia kafuri. Alisema yote: mwosha na mwosha wa karibu, kile kitoto, Bi Mgeni, kichupa cha Dokta, mikono ya Kuruthumu alfajiri. Alijua kwamba kwa kusema hivyo anamvua Kuruthumu kiapo chake, lakini akamwambia kwa macho kwamba wakisimama wawili wataaminiwa, na wote watabaki. Akaomba mtu yeyote, aliye msafi, ajipake kafuri kidogo kiganjani, apige magoti, aseme kwamba jua linachomoza mashariki. Waone.

Hakujitokeza mtu. Hapakuwa na nyumba pale ambayo haikuwa na mtu iliyemtazama akiteremka njia ya geti. Walimtazama, wakarudi, wakala. Kama huyu bibi anasema kweli, wao ni nani?

Mzee Sengondo akasema neno la aliyekataliwa haliingii barazani. Wakamgeukia Dokta.

Dokta alikuwa akimpapasa Shahidi shingoni. "Bibi alikuja kwangu," akasema, "akitaka kujua namna ya kumdanganya mnyama. Nikamwambia hakuna."

Akalisema kwa upole, kwa huzuni hata, na Bi Namvua akaona kwamba huzuni ile ni ya kweli na haimsaidii kitu.

"Mwulizeni Kuruthumu," akasema. "Mikono yake ni mimi niliyeiosha. Kuruthumu, mwanangu. Sema."

Kuruthumu alisimama. Khanga yake ya msiba ilimteleza kichwani, akairudisha. Aliutazama uwanja, upande mmoja na upande wa pili, akanyosha kiganja chake cha kulia ambacho kilikuwa bado kinang'aa mate.

"Mimi nimelambwa," akasema. "Hakuna mtu aliyeniosha mikono."

Na ya aliyelambwa hayapingwi.

Mbaraka alikaa chini. Alijifunika uso, akabaki hivyo, na watu wa koo zote mbili walimpa pole, wengine wakimshika bega, kwa kufiwa na mke na kwa mama kama yule.

*

Aliyekataliwa husindikizwa na mwanamke wa nyumbani kwake, ndiye abebaye kibuyu. Walioteremshwa wengine walisindikizwa na dada au shangazi, na njiani kulikuwa na kilio. Kuruthumu alitangulia, Bi Namvua nyuma, na hapana aliyelia. Ukungu uliishia nusu ya njia. Chini yake joto lilianza mara moja, kama mtu anayefungua mlango wa tanuri.

Getini walinzi walikaa mbali ili watu wa nyumba waagane. Kuruthumu akamtundikia kibuyu begani, akakaza kamba isimkate.

Bi Namvua alisema maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Alimwambia amemsamehe. Hofu haina aibu, hata yeye alikuwa nayo, ndiyo maana alipokea kichupa badala ya kusema mapema. Akamwomba amwangalie Mbaraka, asimwache na njaa kwa sababu ya majonzi. Na akamwomba jambo moja kubwa: siku moja, atakapopata moyo, aseme ile habari ya kafuri barazani. Yeye amelambwa, watamsikiliza. Aseme kabla hakijatokea kifo kingine, ili asiteremshwe mtu tena bila kosa, kama walivyoteremshwa wale na kama anavyoteremshwa yeye.

Kuruthumu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu, siku zote alikuwa nayo.

"Si hofu, mama," akasema. "Ulinishika mikono, ukanisomea dua, nikataka kusema ukanifunga kinywa. Hukuniuliza hata mara moja."

"Nikuulize nini?"

"Kama nilimsukuma."

Alilisema bila ukali, akimwondolea mama mkwe wake jani kavu lililonasa kwenye ukaya wake wa kichwani. Kisha akaeleza kidogo. Walikuwa juu ya ngazi wakizibua mfereji. Mwanakheri akaushika mkono wake, akauweka juu ya tumbo, ili asikie mtoto anavyocheza. Alikuwa akicheka. Basi.

Bi Namvua aliitazama mikono ile. Aliijua kidole kwa kidole. Mbuzimawe asiyejua kitu, akiongozwa na kafuri tu, asubuhi ile angeukataa mkono uliostahili kukataliwa, kwa mara ya kwanza, na aliyeusafisha ni yeye, kwa rehema, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba kila anayekataliwa hana hatia.

Alifungua kinywa awaite walinzi. Akakumbuka kwamba neno la aliyekataliwa haliingii.

Kuruthumu akafungua geti. Akamsogeza nje kwa kiganja mgongoni, taratibu, kama unavyomvusha mzee kizingiti, akamwambia ashike kushoto, kuna kivuli kidogo cha mwamba. Kisha akateremsha komeo. Bi Namvua alimsikia akipanda, hatua nyepesi, zisizo na haraka, mpaka ukungu ukazimeza.